Nusu uso asali, nusu uso udongo: maski ipi ya uso inafaa kwa upepo wa Dodoma

Nilipohamia Dodoma kutoka Tanga, wa kwanza kunigomea alikuwa uso wangu mwenyewe. Tanga nilikuwa mtu wa kutembea na leso, kila baada ya saa mbili najifuta mafuta puani. Huku, ilipofika Julai, mashavu yalikuwa yanavuta kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani, na nikicheka kwa nguvu kona za mdomo zinauma. Ofisini Mtumba, kule mji wa serikali, waliotangulia kuhamia wakanipa pole ya kebehi: "Bado dada, subiri Agosti."

Basi nikaanza kupaka vitu. Asali, udongo, mtindi, parachichi, manjano, liwa, ubuyu, na zile karatasi za kubandika usoni zinazouzwa moja moja kwenye maduka ya vipodozi. Kila mtu ana maski yake na kila mtu anaapa nayo. Shida ni kwamba anayekusifia maski huwa ameipaka uso mzima, siku aliyolala vizuri na kunywa maji ya kutosha, halafu anasema imemng'arisha. Utajuaje kama ni maski au ni usingizi? Ndipo nikaamua kupaka nusu kwa nusu: shavu la kushoto kitu kimoja, la kulia kingine, mpaka unapita katikati ya pua. Jozi nyingi nilizipa wiki tatu, Jumatano na Jumapili.

Mdogo wangu anayesoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ambaye likizo fupi huzimalizia kwangu, akaingia kwenye mchezo. Alinifaa sana kwa sababu ngozi yake ni kinyume cha yangu: ina mafuta, inatoa chunusi kidevuni, na kila chunusi ikipona inaacha doa jeusi linalokaa miezi. Jumapili moja tumekaa barazani na nyuso za rangi mbili, mama mwenye nyumba akapita na ndoo yake, akasimama, akatutazama mmoja mmoja. "Wanangu, mmegombana na nani?"

Kwanza hewa, ndipo maski

Maelekezo mengi ya maski yameandikwa na watu wanaoishi kwenye hewa yenye unyevu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, zinakatika Aprili, na miezi yote inayobaki ni ukavu. Juni hadi Agosti kuna baridi ya asubuhi na upepo usiochoka. Septemba na Oktoba ni jua na vumbi. Hewa kavu inavuta maji kutoka kwenye ngozi kama inavyokausha nguo kambani, na huku kitenge kinakauka kabla hujamaliza kufua cha pili.

Ongeza maji. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvichumvi. Utaona mwenyewe: unasugua sabuni, povu halishiki, na beseni linabaki na utando mweupe pembeni. Utando ule ule unabaki usoni. Na kama unanawia sabuni ya mche, ile ya kufulia, umeongeza tatizo, maana ngozi ya uso kwa asili ina tindikali kidogo na sabuni ile ni kali upande wa pili, ule wa alkali. Kabla hujatumia hela kwenye maski yoyote, badilisha sabuni. Msimu wa mvua mimi hukinga maji ya bati na kuyatunza kwa ajili ya uso tu. Jirani anadhani nina mganga.

Kwa hiyo swali ninaloliuliza kila maski ni hili: inanyonya au inanywesha? Maski ya kunyonya inatoa mafuta na unyevu usoni. Ya kunywesha inauacha unyevu au inauongeza. Tanga ningeweza kuchanganya bila kufikiri. Hapa ukikosea unalipa.

Asali na udongo

Hii ndiyo jozi niliyokaa nayo muda mrefu kuliko zote, kwa sababu ndiyo iliyotutenganisha mimi na mdogo wangu.

Asali haina taabu kuipata. Ya Manyoni, ya Kondoa, ya Tabora, zote zinafika soko la Majengo. Utakuta ya nyuki wakubwa, nzito, na ya nyuki wadogo, nyepesi na yenye uchachu, bei yake juu kwa sababu watu wanaitumia kama dawa. Kwa maski chukua ya nyuki wakubwa. Ile nyingine nilipaka mara moja, ikachuruzika shingoni hadi kwenye kola. Kuhusu kile kipimo cha kuchovya njiti ya kiberiti na kuiwasha, usikiamini sana. Njiti ikiwaka maana yake asali haina maji mengi. Hata sukari iliyochemshwa ikawa nzito itapita mtihani huo. Nunua kwa mtu unayemfahamu, basi.

Inavyofanya kazi ni rahisi. Asali nzuri ina maji chini ya asilimia 20, iliyobaki karibu yote ni sukari, na sukari inashika maji. Ikikutana na unyevunyevu, kimeng'enya kilichomo kinatengeneza haidrojeni peroksaidi kidogo, inayoua vijidudu, ndiyo maana tangu zamani watu wanapaka asali kwenye vidonda. Lakini iweke kwenye ngozi *mbichi*, yaani umenawa na hujajifuta. Ukiipaka kwenye ngozi kavu, wakati hewa nayo ni kavu, itatafuta maji palipo karibu, na palipo karibu ni wewe. Dakika kumi na tano hadi ishirini, toa kwa maji ya vuguvugu. Na upake ndani, dirisha limefungwa. Mwezi wa tisa nyuki wa huku wana njaa na kiu, nami nilikimbia uani na uso unang'aa kama andazi lililopakwa shira.

Udongo ni habari nyingine. Unaofaa ni ule mweupe, kaolini, au ule wa kijani, unaouzwa kama unga kwenye kopo lenye maelezo. Kaolini tunayo hata nchini, Pugu kule Kisarawe kuna mlima wake. Ila usichukue udongo wa pemba wa sokoni, ule wanaotafuna wajawazito, ukauponda upake kwenye chunusi. Haukusafishwa kwa kazi hiyo, unaweza kuwa na vijidudu na hata madini mazito kama risasi, na chunusi iliyopasuka ni mlango wazi.

Udongo unanyonya mafuta unapokuwa unakauka, na una hatua tatu. Kwanza mbichi, unateleza. Kisha kingo zinaanza kuwa nyeupe ila katikati bado pana unyevu: hapo ndipo unatakiwa kunawa. Hatua ya tatu unakaza na kupasuka, na hapo umemaliza mafuta na umeanza kunyonya maji ya ngozi yenyewe. Kopo langu liliandikwa dakika kumi na tano. Agosti, dirisha wazi, nilihesabu: kingo zilikuwa nyeupe dakika ya nne. Dakika ya nne! Siku niliyojifunza hilo nilipigiwa simu na wifi, na wifi akianza hamalizi. Nilipojitazama kwenye kioo, shavu la kushoto lilikuwa kama mbuga ya Bahi mwezi wa kumi, mipasuko kila upande. Nilinawa, likawa jekundu, na siku mbili zilizofuata lilikuwa linabanduka magamba madogo juu ya poda. Shavu la asali lilikuwa limetulia, laini, halina habari.

Kwa mdogo wangu matokeo yakageuka. Udongo ule ule, dakika tatu, puani na kidevuni tu, ulimpunguzia mng'ao wa mafuta hadi mchana wa kesho yake, na vile vichunusi vidogo vyenye kichwa cheusi puani vikawa vinatoka kirahisi. Asali peke yake kwake haikudhuru, ila mafuta yalirudi saa chache tu. Mwisho alichagua kuvigawa: udongo pua na kidevu, asali mashavuni, kwa wakati mmoja. Hata yeye tulimwambia aache mashavu yasiguswe na udongo mpaka mvua zianze.

Kwa ngozi kavu kama yangu, kati ya Juni na Oktoba, udongo sioni hata sababu ya kuufungua. Januari nilijaribu tena, hewa ina unyevu, mara moja kwa wiki mbili, na haukunifanya kitu kibaya.

Mtindi na ubuyu

Hapa nilikuwa na hamu ubuyu ushinde. Mibuyu imetuzunguka, unga wake ni mweupe, rahisi, wa kwetu, na kila mtu anakuambia una vitamini C. Ni kweli unayo. Una pia tindikali kali kiasi na pektini, ndiyo maana ukiukoroga na maji unakuwa mzito na wenye kunata. (Ninasema ubuyu wa unga mtupu. Ule mwekundu wa kumung'unya umepikwa na sukari na rangi, ulie tu.)

Niliuchekecha mara mbili kutoa nyuzi, nikaukoroga na maji, nikapaka kulia. Kushoto mtindi mtupu, usio na sukari wala ladha ya stroberi. Kulia kulianza kuchonyota baada ya dakika mbili, na ulipokauka ukakaza kama gundi ya karatasi. Kuutoa nilihitaji kusugua, na kusugua ndiyo adui wa ngozi iliyokauka. Mtindi haukuchonyota. Una asidi ya laktiki, ambayo inalegeza ngozi iliyokufa juu bila kusugua, na una mafuta ya maziwa yanayobaki kama kizibo chembamba. Baada ya mara tatu, doa moja la zamani kwenye shavu la mdogo wangu upande wa mtindi lilionekana kufifia kidogo. Kidogo, sitii chumvi.

Tulipochanganya kijiko cha chai cha ubuyu kwenye vijiko vitatu vya mtindi, ukali ulishuka na mambo yakawa mazuri, ila sikuona kilichoongezeka juu ya mtindi wenyewe. Mama mwenye nyumba, ambaye maziwa yake ya mgando ndiyo niliyotumia, alinihukumu vizuri: "Ubuyu tia kwenye uji, mwanangu. Uso haulali njaa."

Zabibu nazo nilijaribu, maana ukikaa Dodoma msimu wa zabibu unaona dhambi kutojaribu. Inanata, inzi wanakuja, hakuna kilichotokea. Kula zabibu zako.

Parachichi, na chupa ya alizeti

Parachichi linasifiwa kupita kiasi. Lina mafuta mazuri, ngozi kavu inalipenda, lakini ni mabonge usoni, linadondoka kwenye kanga, na tunda moja la kula unalimaliza kwenye mashavu. Kwa mdogo wangu lilimtoa chunusi mbili mpya katika wiki ya pili, tukaacha.

Kilichofanya kazi ile ile, vizuri zaidi na kwa bei ndogo, ni mafuta ya alizeti. Si kama maski bali baada ya maski: matone matatu kiganjani, unabonyeza usoni wakati ngozi bado mbichi. Yanatoka Singida, ukipita barabara kuu utayaona yamepangwa kwenye chupa za maji zilizokwishatumika. Chagua yaliyochujwa vizuri na yasiyonuka ukale. Ni mepesi kuliko ya nazi tuliyozoea Pwani, na hayazibi vinyweleo kama yale. Bila hatua hii maski yoyote ya kunywesha ni kazi bure. Upepo unaichukua kabla hujafika kitandani.

Manjano na liwa

Mimi ni mtoto wa Tanga, hivyo liwa, ule mti wa kunukia, nimelelewa nayo. Harufu yake kwangu ni harusi, bibi harusi amefungiwa ndani anasuguliwa singo ya manukato, mashangazi wanaimba. Liwa ya kweli inasagwa kwenye jiwe na marashi kidogo, inapoza ngozi, na haikaushi sana ukiichanganya na maziwa. Tatizo liko Dodoma: nyingi ya unga unaouzwa kwa jina la liwa ni vumbi la mbao za kawaida lililotiwa manukato. Ukinusa na harufu ikakupiga kama pafyumu, rudisha. Nilipata nzuri kwa kuagiza nyumbani tu, kwa basi.

Manjano sasa. Watu wanasema yanang'arisha, na ukijitazama baada ya kunawa ni kweli umepata rangi ya dhahabu. Ni rangi hasa. Manjano yametia doa ngozi kama yanavyotia doa mwiko. Nilipaka Jumapili jioni, Jumatatu nikaingia ofisini na kichwa cha habari usoni: nusu ya kushoto hudhurungi, nusu ya kulia njano. Bosi wangu mwanamama aliniuliza kwa upole kama nimepima ini. Rangi ile haiyeyuki kwa maji, inayeyuka kwa mafuta, kwa hiyo pamba yenye mafuta ya alizeti inasaidia, ingawa foronya yangu haijapona hadi leo. Ukitaka kuyatumia, ncha ya kijiko cha chai kwenye mtindi inatosha, na si usiku wa kuamkia kazini. Kati ya hivi viwili nachagua liwa, na nakiri moyo wangu una upendeleo.

Karatasi za kubandika

Nilizikata katikati kwa mkasi, nusu karatasi, nusu asali. Usiku ule ule hakuna tofauti. Pande zote zilikuwa laini na zimejaa. Asubuhi, upande wa karatasi ulikuwa umerudi ulikotoka, wa asali ulikuwa bado. Ndani ya karatasi mara nyingi ni maji, gliserini, kitu cha kushika maji kama asidi ya haialuroniki, na manukato. Manukato ndiyo yaliyomwasha mdogo wangu shingoni. Toa ikiwa bado mbichi. Ukiiacha ikaukie usoni inaanza kurudisha maji yake kutoka kwako.

Ila zina faida moja ambayo hakuna asali inayoweza kuishinda: hazihitaji kunawa. Wiki ya mgao wa maji, ndoo iliyobaki ni ya kupikia, karatasi ni mkombozi. Kila mara ninazo mbili kwenye droo kwa ajili ya wiki hizo. Soma tarehe ya mwisho nyuma ya pakiti, zangu za kwanza kutoka duka moja la mjini zilikuwa zimepita miezi saba, na muuzaji akaniambia "hizo haziharibiki, dada."

Ambavyo sikuvipa hata nusu ya uso

Limao. Juisi yake ni tindikali kali mno kwa uso, na ina kemikali zinazoungana na mwanga wa jua kuunguza ngozi. Jua la hapa si la mzaha. Mfanyakazi mwenzangu alipaka limao na sukari asubuhi, akaenda shambani Hombolo. Malengelenge yalipopona yaliacha michirizi myeusi iliyokaa miezi mingi. Magadi na soda ya kuumulia maandazi ni kali kwa upande wa pili. Dawa ya meno juu ya chunusi inaunguza tu.

Na ile "maski ya kung'arisha" inayopimwa kwa kijiko kutoka kwenye ndoo isiyo na lebo. Kama kitu kinakufanya mweupe ndani ya siku nne, yawezekana sana humo mna haidrokwinoni, zebaki, au dawa ya steroidi. Steroidi mwanzoni inafuta chunusi kama muujiza, halafu ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na ukiacha chunusi zinarudi na ndugu zao. Vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Ndoo haina wa kuiulizia.

Kama ungekuwa umekaa nami barazani

Ningekuuliza kwanza, ukinawa na kukaa nusu saa bila kupaka kitu, uso unavuta au unang'aa? Ukivuta, chukua asali, au asali na mtindi kijiko kwa kijiko, mara mbili kwa wiki, na alizeti juu yake. Uking'aa pua tu, fanya kama mdogo wangu, udongo pua na kidevu, asali kwingine. Ukiwa na madoa meusi, mtindi utasaidia polepole, lakini losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi kila asubuhi itakusaidia kuliko maski zote nilizotaja, maana jua linayapigia mstari madoa kila siku. Ngozi yetu nyeusi inahitaji kinga hiyo pia, usidanganywe. Chunusi kubwa zenye usaha na maumivu mpelekee daktari.

Na chochote unachochagua, jaribu kwanza nyuma ya sikio ukae siku nzima, hata asali. Wapo wanaovimba kwa chavua iliyomo.

Mdogo wangu amerudi chuoni na chupa ndogo ya asali kwenye begi, akaniachia kopo la udongo. Nimelifunga vizuri na kuliweka juu ya kabati, mpaka nisikie mvua ya kwanza kwenye bati.